Mmoja Aende, Mmoja Abaki

Mtu akinipaka spiriti mkononi, mimi hospitali siikumbuki. Nakumbuka josho la ng'ombe. Ile harufu ya dawa ya kupe iliyochanganyika na samadi na vumbi la ngano, halafu juu yake, ghafla, harufu baridi ya spiriti kwenye pamba.

Juzi mdogo wangu Paskalina aliniomba nimsindikize kliniki. Ana watoto wawili na anasema mikono miwili haimtoshi. Yule mkubwa hatulii, na yule wa mgongoni alikuwa na mafua, kamasi zinashuka hadi mdomoni. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mimi foleni zinanimaliza, nilikuwa nimeshaangalia mlango mpaka mlango umenichoka. Hapo ndipo nesi akafungua chupa, upepo ukaleta ile harufu, na kliniki yote ikapotea. Nikawa tena mtoto wa kike niliyesimama josho, nimejifunga kanga ya mama masikioni, nasubiri kufa.

Naandika leo kwa sababu nikingoja nitaanza kuyapanga vizuri, na yakipangwa vizuri hayatakuwa yenyewe.

Kwetu ni Gehandu, pale ambapo malisho yaliishia na ngano ikaanza. Nyie mliokulia ukingoni mwa yale mashamba ya serikali mnaujua ule mstari. Huku nyasi fupi zilizotafunwa mpaka mzizi, kule ngano tupu hadi macho yanachoka. Msimu wa kuvuna kombaini zilinguruma kutwa, na makapi yalipeperuka mpaka ndani ya vibuyu vya maziwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa akiyatoa kwa kidole, anayarusha upande wa shamba na kuyaambia yarudi kwao.

Mama hakuwa wa huku. Alitoka Daudi, kule juu kwenye baridi, kwa watu wa kulima na kwenda misa. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na lugha mbili, ya mama na ya bibi, na kila mmoja aliijua ya mwenzake nusunusu. Wakipatana, kila mtu aliongea ya kwake. Wakigombana walihamia Kiswahili, kwa sababu hakikuwa cha yeyote kati yao. Sisi watoto tukisikia Kiswahili ndani ya nyumba tulijua mambo yameharibika.

Baba alikuwa mfugaji, na alikuwa na jambo moja ambalo hakuliacha kamwe. Hakuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine walikuwa kwetu, wengine kwa rafiki yake kule Hirbadaw, wengine kwa mjomba kule Daudi. Nilijua ng'ombe yupi yuko wapi kabla sijajua kusoma. "Ugonjwa ukiingia hapa, wa kule watabaki," alisema. "Mvua ikikataa kule, wa hapa watabaki." Alilisema bila uzito wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini anavaa viatu. Mimi nilidhani watu wote duniani wanaishi hivyo.

Na dawa mpya ya ng'ombe ikija alikuwa na utaratibu wake pia. Wa kwanza kuchomwa alikuwa maksai mmoja aliyevunjika pembe. Baba alimwangalia kwanza. Akiona anakula na anacheua, ndipo analeta wengine, na wa mwisho kabisa ni yule ng'ombe wa maziwa, mweupe wa madoa, ambaye alimwimbia. Waliokwisha kuchanjwa walikatwa kipande kidogo cha sikio ili wajulikane. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na ndiyo yaliyoniponza.

Halafu surua ikaingia kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba. Tulisikia kwanza kwamba kuna mtoto amekufa, kisha mwingine. Siku chache baadaye bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akakaa, akapewa maziwa, akazungumza kuhusu mvua na kupe kama kawaida yake. Alipomaliza maziwa ndipo akasema gari la chanjo litakuja josho, kwa kuwa kila mtu anapajua.

"Lakini safari hii si ng'ombe," alisema. "Ni watoto."

Baba alimuuliza kama dawa yenyewe ni ile ile. Bwana mifugo alicheka, akasema hapana, mzee, hii ni ya binadamu, inakaa kwenye barafu. Baba hakucheka. Alitaka kujua barafu ikiyeyuka njiani inakuwaje. Bwana mifugo akasema haitayeyuka, akaaga, akaenda boma jingine.

Jioni ile Kiswahili kilianza ndani ya nyumba.

Mama alisema watoto wote wawili waende. Alisema kwao Daudi masista wa misheni walichanja kijiji kizima, na watu bado wapo, wanalima. Bibi akajibu kwamba watu wa Daudi wana ngozi ngumu ya baridi, si mfano. Yeye alikuwa ameona kwa macho yake ng'ombe wazima waliopelekwa kuchomwa sindano wakarudi wakitetemeka, na wengine hawakuamka. Tena gari lenyewe linatokea wapi? Linatokea kule kule shambani. Waliochukua nyasi zetu wakapanda ngano, sasa wanataka mikono ya watoto.

"Mama, surua haiulizi nyasi ni za nani," mama alimwambia.

"Na sindano inauliza?" bibi akasema.

Paska na mimi tulikuwa tumelala kwenye ngozi, tumefumba macho kwa nguvu kama watoto wanaojifanya wamelala. Paska alikuwa anakoroma kwa pua iliyoziba. Kipindi kile cha baridi watoto wote tulikuwa na mafua kwa zamu. Mimi yangu yalikuwa yameisha, yake ndiyo yalikuwa yameanza.

Baba alikuwa anachonga fimbo. Nilisikia kisu kikienda na kurudi. Kisha kisu kikasimama.

"Mmoja aende," alisema. "Mmoja abaki."

Halafu mama akasema, polepole, kama anayemfundisha mtu neno, "Hawa si ng'ombe, Baba Vero."

"Wangekuwa ng'ombe ningekuwa nimeshalala," baba alisema. "Vero ndiye atakwenda."

Vero ni mimi.

Sasa niambieni mtoto wa umri ule angeelewa nini. Mimi nilielewa kila kitu, tena haraka, kama ambavyo bado naelewa vitu haraka na kukosea. Kuna dawa mpya. Mmoja anajaribiwa kwanza. Anayejaribiwa kwanza ni yule ambaye akifa si hasara kubwa. Paska alikuwa mdogo, ana vishimo mashavuni, anaimbiwa na kila mgeni. Mimi nilikuwa na meno yaliyotoka upande na mdomo wa kujibizana. Maksai wa pembe iliyovunjika nilikuwa mimi.

Sikulia. Nilipanga mambo yangu. Asubuhi nilikwenda kumuaga ndama wangu, nikamwambia asinisubiri. Nilivua bangili yangu ya waya wa shaba nikamvisha Paska, ikawa kubwa, ikateleza hadi kwenye kiwiko. Kisha nikamwonyesha siri yangu kubwa kuliko zote, kipande cha kioo cha trekta nilichokiokota ukingoni mwa ngano na kukificha kwenye ufa wa ukuta. Nilimwambia ni chake sasa. Paska aliuliza kwa nini. Nikamwambia mimi nakwenda josho.

"Utarudi lini?"

"Ng'ombe wengine hawarudi," nilimwambia.

Alinitazama, akajifuta kamasi, akaenda kuficha kioo mahali pengine ili nisipajue.

Josho siku ile lilikuwa limejaa akina mama. Siku nyingine ng'ombe ndio waliopitishwa kwenye njia nyembamba ya miti, mmoja mmoja, kabla ya kutumbukia kwenye maji ya dawa. Sasa kwenye njia ile ile walikuwa wamepangwa watoto. Mtu aliona tu kwamba ni njia nzuri ya kuwafanya watoto wasikimbie, na kweli, ukishaingia mle hugeuki. Mbele kabisa kulikuwa na meza, sanduku la barafu, na nesi mwenye kofia nyeupe. Nilifunga kanga vizuri masikioni. Nilikuwa nimekubali kufa, lakini sikio langu sikutaka likatwe mbele ya watu.

Baba hakuingia. Alisimama nje ya uzio, amejifunga shuka lake, fimbo imekaa mabegani, anatazama kila mtoto anayetoka upande wa pili. Najua sasa alikuwa anatazama kama wanatembea vizuri.

Bwana mifugo aliniona na kanga yangu, akaniambia nivue. Nikakataa. Akauliza naficha nini, pembe? Nilipomwambia naficha sikio, alicheka mpaka akashika nguzo. Akamwita nesi, akamwambia binti huyu anaogopa alama. Nesi alifungua kanga mwenyewe, akanishika sikio kidogo, akasema sikio zuri kama hili tunaliacha. Kisha pamba, ile baridi, ile harufu. Halafu sindano, ambayo kwa kweli haikuwa kitu.

"Umekuja na nani?" aliniuliza.

Nikamwonyesha baba. Nesi akapaza sauti, si kwa ukali, akamwuliza kama ana watoto wengine nyumbani. Baba alisema ana mwingine mmoja mdogo.

"Yuko wapi?"

"Ana mafua."

"Mafua hayazuii, mzee. Mlete. Tuko hapa mpaka jua likishuka."

Baba alitazama njia ya nyumbani. Kutoka josho unaliona boma letu, si mbali, hata mtoto anaweza kwenda na kurudi. Nilimwona akiitazama ile njia. Akasema, "Tutaona." Kisha akanishika mkono wangu usio na sindano, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho, tukaenda nyumbani, na hatukurudi.

Nilisubiri kufa jioni ile, sikufa. Nilisubiri kesho yake. Baadaye mwili ulipata joto kidogo, bibi akanigusa paji la uso na kumwambia mama, kwa Kiswahili, unaona sasa. Joto likaondoka lenyewe. Nilipoona sifi nilimdai Paska kioo changu. Akakataa. Alisema kilichotolewa hakirudi, na nilimpiga, na yeye akanipiga kwa ile ile bangili yangu.

Gari la chanjo liliahidiwa kurudi baada ya mavuno. Surua haikungoja mavuno.

Ilianza kama mafua tena. Macho mekundu, kikohozi, hakuna aliyeshtuka. Kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka, na mama akatoka nje akakaa chini. Bibi akafunga chumba cha ndani kisiingie mwanga, kama ilivyokuwa desturi, akasema mtoto yeyote asiingie. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba akanisukuma mbele kidogo kwa kiganja.

"Huyu aingie," alisema. "Huyu ana dawa."

Siku zile nilikuwa mimi ndiye ninayempa Paska maji na uji kwa kijiko, kwenye giza, kwa sababu mama alikuwa na mimba na bibi alikuwa hataki amsogelee. Hakuwa anaongea. Macho yake yalikuwa yameziba, usaha umekauka kwenye kope, nikawa nalowesha kitambaa na kumfuta. Harufu ya chumba kile siwezi kuiandika. Nilimwambia kioo ni chake, cha kudumu, hata akipona sitakidai.

Alipoanza kupumua kwa shida, baba alimfunga mgongoni kwa shuka kama mwanamke, jambo ambalo watu wa boma la jirani walilisema kwa muda mrefu, akatembea naye mpaka barabarani, akasimamisha lori la ngano. Yeye, ambaye hakuwahi kuinua mkono kwa gari lolote la shamba. Dereva alisimama, akawapeleka hospitali ya misheni.

Walirudi wote wawili. Paska alikuwa mwembamba kama kijiti na alikuwa anacheka. Jicho la kulia lilikuwa lake. La kushoto lilikuwa na kovu jeupe katikati, kama tone la maziwa lililoganda, na halikuona tena. Yeye mwenyewe hakujua linavyoonekana. Siku ya pili alitoweka, nikamkuta nyuma ya nyumba na kile kioo cha trekta. Alikuwa anakisogeza karibu na kukipeleka mbali. Aliponiona alinipa. Mpaka leo ninacho mimi.

Gari la chanjo liliporudi, bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika josho, amembeba mdogo wetu mchanga. Walimwambia bado mdogo sana, arudi akikua kidogo. Aligomba mpaka bwana mifugo akaja kumtuliza. Hakuwahi kusema alikosea. Ila makapi yakiingia kwenye maziwa, aliyatoa kimya.

Nilikua na ile imani yangu. Kwamba nilijaribiwa, nikabahatika. Shuleni walipotufundisha chanjo inavyofanya kazi niliandika kila kitu na kupata alama nzuri, na bado kila nikirudi likizo nilimtazama baba nikijiuliza alinipenda kiasi gani ukilinganisha na maksai. Ni ujinga, najua, lakini ujinga wa utotoni hauondoki kwa kufaulu mtihani. Likizo moja, nikiwa kidato cha tatu, tulikuwa tunarudi na ng'ombe, nikamuuliza. Sikuzunguka. Nilimuuliza kwa nini alinichagua mimi nijaribiwe.

Alisimama. Ng'ombe wakatangulia.

"Nani alikujaribu?"

Nikamweleza yote. Maksai, ng'ombe wa madoa, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza alikuwa anatazama chini.

"Ukiwapeleka ng'ombe wengine Hirbadaw na wengine ukabaki nao," alisema, "unakuwa umejua mvua itanyesha wapi?"

"Hapana."

"Na mimi sikujua. Mama yako aliogopa surua, mama yangu aliogopa sindano. Wote walikuwa na akili. Sikujua hatari ni ipi. Nilitaka tu hatari yoyote ikija, niamke nikute mmoja."

Nikamwuliza basi kwa nini mimi ndiye niliyekwenda. Nilikuwa nimeshajiandaa. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kusikia jibu zito, zuri au baya.

"Mwenzako alikuwa na mafua," baba alisema. "Ndama anayekohoa hachomwi."

Ndivyo. Hakuna kingine. Alichapa fimbo kwenye nyasi, akaenda kuwafuata ng'ombe, nami nikabaki nimesimama na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Jicho la mdogo wangu lilikwenda kwa sababu ya kamasi. Kama ningekuwa na mafua wiki ile na yeye amepona, mimi ndiye ningekuwa nageuza kichwa kizima kumtazama mtu aliyekaa kushoto kwangu. Na nesi alishasema. Alisema mafua hayazuii, jua lilikuwa bado juu, na njia ilikuwa fupi.

Nilimweleza Paska baadaye, nikidhani atalia. Alicheka. Tangu hapo ananiita ng'ombe wa Daudi, yule aliyepelekwa, na yeye anajiita wa hapa hapa. Anasema mvua ilinyesha kwenu.

Basi juzi, pale kliniki, tumekaa kwenye benchi, mimi nimekaa kulia kwake kama kawaida ili anione. Nilijua mama mkwe wake alimkataza. Alimwambia huyo mkubwa mpeleke, ila huyu wa mgongoni muache kwanza apone mafua, utamleta siku nyingine. Paska aliitikia vizuri, ndiyo mama, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka naye. Mimi, na masomo yangu yote, nilikuwa nimeandaa maneno ya kumsaidia akija kuulizwa. Nilitaka nimweleze nesi, nimweleze mama mkwe, niwaeleze wote.

Zamu yetu ikafika. Nesi alimtazama yule mdogo, akamsikiliza kifua, akasema ni mafua tu, hayana shida, tunaendelea. Akamuuliza Paska, kwa utani, wengine wakiona kamasi wanarudi nyumbani, wewe mbona umekuja na wote.

Paska akageuza kichwa kizima ili amwone vizuri.

"Sina wa kumbakiza, nesi," alisema.

Nesi alidhani ni utani, akacheka, akachukua pamba. Mimi sikutoa yale maneno yangu. Nilimshika mtoto mikono.

Tuliporudi tulipitia kwa baba. Siku hizi amezeeka, hachungi tena, anakaa nje ya zizi akihesabu kwa macho. Tulimwamkia. Aliitikia, akamtazama mtoto mkubwa, akamtazama yule wa mgongoni na kamasi zake, kisha akanitazama mimi.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, baba."

Alichukua pindo la shuka lake, akamfuta mjukuu pua.